Bei ya Mnara na Bei ya Bando: Hesabu za Intaneti kwa Kaya ya Endagikot

Mei 2023, jijini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitia saini na kampuni tano za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Tigo ilipewa minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi bilioni 265.3, na kati ya hizo ruzuku ya serikali ilikuwa bilioni 126. Walengwa walitajwa kuwa watu milioni 8.5 katika kata 713 na vijiji 1,407.

Ni mradi mkubwa na unahitajika. Lakini jumla za kitaifa hazimwambii mtu wa Endagikot, kata iliyoko wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ni sehemu gani ya mzigo inabebwa na mnara na ni sehemu gani inabaki juu ya kaya yake. Makala haya yanazishusha hesabu hizo mpaka ngazi ya kaya moja, kisha yanauliza kila tarakimu imesimama juu ya dhana gani.

Kwanza, istilahi mbili. Pengo la mtandao ni watu wanaoishi mahali ambapo mawimbi ya intaneti hayafiki. Pengo la matumizi ni watu wanaoishi ndani ya mawimbi lakini hawaitumii intaneti. Kwa takwimu za GSMA, jumuiya ya kampuni za simu duniani, mwaka 2023 asilimia 13 ya watu wa Afrika Kusini mwa Sahara walikuwa katika pengo la kwanza na asilimia 60 katika la pili. Waliobaki, asilimia 27, ndio waliokuwa wakitumia intaneti ya simu. Maana yake, kwa kila mtu mmoja asiyefikiwa na mawimbi, walikuwepo zaidi ya wanne waliofikiwa ambao bado wako nje.

Mnara mmoja, watu wangapi?

Tuanze na bei ya mnara. Bilioni 265.3 ukizigawa kwa minara 758 unapata milioni 350 kamili, bila baki. Hesabu inayotoka sawasawa hivyo huwa ni ya makadirio: mtu amechukua bei ya wastani akaizidisha kwa idadi ya minara. Mnara wa tambarare kando ya barabara ya lami hauwezi kulingana gharama na mnara wa mlimani unaohitaji kuchongewa njia ya kupandishia vyuma, kisha uwekewe sola na betri zake. Kwa hiyo milioni 350 ni namba ya kupangia bajeti. Gharama halisi ya kila mnara ni jambo jingine.

Ruzuku ni asilimia 47.5 ya gharama hiyo, yaani takribani milioni 166.2 kwa mnara. Nusu iliyobaki na ushee inatoka kwa kampuni, nazo huirudisha kwa kuuza huduma. Mkoa wenye wateja wachache wenye kipato kidogo huirudisha polepole. Hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwa ruzuku, na ndiyo sababu pia ya kuuliza kitatokea nini baada ya ujenzi, wakati wa kulipia ulinzi, umeme na matengenezo.

Sasa walengwa. Watu milioni 8.5 kwa vijiji 1,407 ni wastani wa watu 6,041 kwa kijiji. Linganisha na Tanzania Bara kwa ujumla. Sensa ya 2022 inaonyesha wakazi wa vijijini Bara ni takribani milioni 39, na vijiji vilivyosajiliwa ni 12,318. Huo ni wastani wa watu kama 3,200 kwa kijiji. Kwa hiyo hesabu ya walengwa inachukulia kuwa vijiji visivyo na mtandao mzuri, ambavyo kwa kawaida ndivyo vya pembezoni, vina watu karibu mara mbili ya kijiji cha wastani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wamehesabiwa wakazi wa kata nzima: milioni 8.5 kwa kata 713 ni watu 11,921 kwa kata, ukubwa ambao si wa kushangaza. Tukihesabu vijiji peke yake kwa wastani wa 3,200, walengwa wanakuwa milioni 4.5.

Jaribio la pili ni la ardhi. Wilaya ya Mbulu, kabla ya halmashauri ya mji na ya wilaya kutenganishwa, ilikuwa na watu 320,279 katika sensa ya 2012, kwenye eneo la takribani kilomita za mraba 4,350. Hao ni watu 74 kwa kilomita ya mraba. Mkoa wa Manyara ulikua kutoka watu 1,425,131 mwaka 2012 hadi 1,892,502 mwaka 2022, ongezeko la karibu theluthi. Tukichukulia kuwa Mbulu nayo imekua kwa kasi hiyo hiyo, tunapata watu 98 kwa kilomita ya mraba. Mnara unaofika kilomita 5 kila upande unafunika kilomita za mraba 78.5, yaani watu wasiofika 7,700. Mradi mzima unahesabu wastani wa watu 11,214 kwa mnara. Ili mnara wa Mbulu ufikishe idadi hiyo, mawimbi yake lazima yasafiri kilomita 6 kila upande bila kizuizi.

Na kizuizi kipo. Mbulu ni nchi ya juu, pembezoni mwa Bonde la Ufa, na kuanzia Kainam hadi mabonde ya upande wa magharibi ardhi ni ya kupanda na kushuka. Duara la kilomita 6 kwenye ramani ni duara. Kwenye vilima ni vipande vipande. Nyumba iliyoko mgongoni mwa kilima inapata mtandao wa kutosha kwa video, na nyumba iliyoko bondeni, mita mia chache kutoka hapo, inabidi mtu atoke apande juu ndipo meseji iende. Katika hesabu ya walengwa nyumba zote mbili zimefikiwa.

Laini si mtu

Tarakimu inayonukuliwa zaidi ni ya laini. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) za Desemba 2023 zilionyesha laini za simu zaidi ya milioni 70, na zinazotumia intaneti milioni 35.8. Ukizigawa hizo za intaneti kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022 unapata asilimia 58. Inavutia kusema kwamba zaidi ya nusu ya Watanzania wako mtandaoni. Lakini laini zote kwa jumla ni asilimia 114 ya watu, wakiwemo watoto wachanga. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kuwa laini moja haimaanishi mtu mmoja: mwenye laini mbili au tatu amehesabiwa mara mbili au tatu. Makadirio ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), yanayohesabu watu badala ya laini, yanaiweka Tanzania kwenye takribani theluthi moja. Tofauti kati ya asilimia 58 na theluthi ni mamilioni ya watu, na kwa sehemu kubwa wako vijijini.

Hesabu ya kaya

Sasa tuingie nyumbani. Chukua kaya moja ya Endagikot yenye simu janja moja, bando la GB 1 kwa mwezi, na isiyo na umeme. Dhana zangu ni hizi: simu ya bei ya chini ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 3, kuchaji ni shilingi 300, mara mbili kwa wiki. Anayeona bei hizo hazilingani na za kwake abadilishe tarakimu. Mpangilio wa hesabu utabaki uleule.

Bei ya bando tunaipata kwa TCRA. Mwaka 2021 mamlaka hiyo iliweka ukomo wa chini wa shilingi 2.03 na wa juu wa shilingi 9.35 kwa MB 1. Wastani uliotolewa baadaye ulikuwa shilingi 2.15 ndani ya bando, na 9.35 kwa anayetumia bila kujiunga. GB 1 ina MB 1,024, hivyo ndani ya bando ni shilingi 2,202. Nje ya bando ni shilingi 9,574, zaidi ya mara nne. Mwenye shilingi 500 anapata MB 232 akijiunga na MB 53 asipojiunga. Asiyejua kujiunga, au ambaye bando limemkatikia katikati ya matumizi huku ana salio, ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote.

Wastani huo nao una dhana ndani yake: kwamba kila MB iliyonunuliwa imetumika. Bando la saa 24 halimsubiri aliyeshinda shambani hadi jioni. Kama nusu ya bando inaisha muda kabla ya kutumika, bei halisi si 2.15 bali 4.30. Kanuni za 2021 zilitoa ruhusa ya kuendelea na kilichobaki kwa anayejiunga tena kabla muda haujaisha, lakini ruhusa hiyo inamfaa mwenye fedha ya kujiunga tena siku hiyo hiyo.

Tujumlishe kwa mwaka. Simu, 150,000 kwa miaka 3, ni shilingi 50,000. Bando, 2,202 kwa miezi 12, ni shilingi 26,424. Kuchaji mara 104 kwa shilingi 300 ni shilingi 31,200. Jumla ni shilingi 107,624. Simu yenyewe inachukua asilimia 46, kuchaji 29 na bando 25. Mjadala wa hadharani karibu wote ni wa bei ya bando, na katika kaya hii bando ndilo dogo kuliko yote matatu.

Je, 107,624 ni nyingi? Mkulima anayeuza mahindi kwa shilingi 500 kwa kilo anahitaji kilo 215, yaani magunia mawili na ushee. Kwa vipimo rasmi, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa chakula peke yake kwenye 33,748. Asilimia 31.3 ya wakazi wa vijijini walikuwa chini ya mstari wa kwanza. Tofauti ya mistari hiyo miwili, shilingi 15,572, ndiyo inayobaki kwa sare za shule, sabuni, dawa, nauli na kila kisichoingia chunguni. Kaya yenye mahitaji sawa na ya watu wazima wanne inabaki na 747,456 kwa mwaka. Simu janja moja inakula asilimia 14.4 ya fedha hizo. Tukiupandisha mstari kwa asilimia 25 kufidia mfumuko wa bei, inashuka hadi asilimia 11.5. Bado ni zaidi ya shilingi 1 katika kila 9.

Hapa ndipo kipimo cha kimataifa kinapopotosha. Lengo la Umoja wa Mataifa ni kwamba intaneti ya kiwango cha mwanzo isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Pato la wastani la Mtanzania ni takribani dola 1,200 kwa mwaka. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni 250,000 kwa mwezi, na asilimia 2 yake ni 5,000. GB 1 kwa shilingi 2,202 inafaulu mtihani huo bila shida. Kwa aliye kwenye mstari wa umaskini, asilimia 2 ni shilingi 986, na GB hiyo hiyo ni asilimia 4.5. Nchi imefaulu kwa wastani, na mtu ambaye mradi ulibuniwa kwa ajili yake amefeli.

Na simu ni moja. Katika kaya ya watu watano, MB 34 za kila siku (GB 1 kwa siku 30) zinagawanywa, au hazigawanywi. GSMA ilikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake wa Afrika Kusini mwa Sahara walikuwa nyuma ya wanaume kwa asilimia 32 katika matumizi ya intaneti ya simu. Kaya inaweza kuingia kwenye takwimu kama iliyounganishwa, ilhali mama na mabinti wanaishika simu baada ya baba kurudi, betri ikiwa imebaki kidogo.

Ruzuku inakwenda, kodi inarudi

Ruzuku ya bilioni 126 kwa watu milioni 8.5 ni shilingi 14,824 kwa mtu, mara moja. Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 2023 huduma za simu zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 juu yake. Katika kila shilingi 1,000 ya bando, takribani 276 zilikuwa kodi. Kwa bando la mwaka la 26,424 hizo ni shilingi 7,285. VAT ndani ya simu ya 150,000 ni shilingi 22,881, yaani 7,627 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 14,912.

Ziweke tarakimu hizo mbili pamoja: 14,824 na 14,912. Ruzuku ambayo serikali inaitoa mara moja kwa kila mlengwa, kila atakayenunua simu janja na GB 1 kwa mwezi anairudisha ndani ya mwaka mmoja. Tukitumia walengwa milioni 4.5, ruzuku inakuwa shilingi 28,000 kwa mtu, nayo inarudi kwa miaka isiyotimia 2. Hili halionyeshi kuwa kodi ni mbaya. Hospitali na barabara za Manyara zinaihitaji. Linaonyesha kuwa neno ruzuku linasema nusu ya habari.

Kuna hesabu ya kupinga hiyo, na ni ya haki kuitaja. Si kila mlengwa atakuwa mtumiaji. Kama ni asilimia 27 tu, ule wastani wa ukanda, watumiaji watakuwa milioni 2.3, na ruzuku itapanda hadi karibu shilingi 55,000 kwa kila mmoja. Hapo kodi inachukua miaka 3 na miezi 8 kuirudisha. Lakini ukiisoma vizuri, hesabu hii inasema jambo lile lile: kila kaya inayoshindwa gharama za mwaka inaufanya mnara kuwa ghali zaidi kwa wale waliobaki.

Kipi kinapunguza gharama?

Tupime njia nne kwa kaya ile ile ya shilingi 107,624.

Ya kwanza ni kufuta ushuru wa bidhaa kwenye bando. GB 1 ingeshuka kutoka 2,202 hadi 1,882. Kaya inaokoa shilingi 320 kwa mwezi, 3,840 kwa mwaka. Ni asilimia 3.6 ya gharama yote.

Ya pili ni kufuta VAT kwenye simu. Ilijaribiwa: bajeti ya 2021/22 iliisamehe VAT simu janja, tableti na modemu, na bajeti ya 2022/23 ikauondoa msamaha huo. Kwenye karatasi kaya inaokoa shilingi 7,627 kwa mwaka, asilimia 7. Dhana iliyojificha ni kwamba muuzaji atashusha bei kwa kiasi hicho hicho, na hakuna anayemlazimisha. Msamaha usio na utaratibu wa kufuatilia bei ya dukani unaweza kuishia kwenye faida ya mwagizaji.

Ya tatu ni umeme. Kwenye kibanda cha kuchaji, simu hubandikwa kipande cha karatasi chenye namba, zikapangwa juu ya ubao wa soketi, na mwenyewe akarudi jioni kuichukua. Kila chaji moja ya simu janja ni takribani wati-saa 20. Chaji 104 ni kama uniti 2 za umeme kwa mwaka mzima. Kwa bei ya mteja mdogo, shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hizo ni shilingi 254. Kaya inayolipa kibandani 31,200 ingelipa 254 nyumbani. Akiba ni karibu 31,000, asilimia 29 ya gharama yote, mara nane ya faida ya kufuta ushuru wa bando. Kuunganishwa na umeme kijijini kumewekewa bei ya shilingi 27,000. Gharama ya kufunga nyaya ndani ya nyumba ni ya ziada, na mara nyingi ndiyo inayowakwamisha watu. Karibu vijiji vyote 12,318 sasa vinahesabiwa kuwa vimefikiwa na umeme, lakini hapa pia kijiji kufikiwa na nyumba kuwaka taa ni takwimu mbili tofauti.

Ya nne ni kuchangia kifaa. Tuchukue shule ya sekondari ya kata yenye wanafunzi 400 na kompyuta 10, kila moja shilingi 700,000, zinazodumu miaka 5. Hizo ni shilingi 3,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka, moja ya kumi na nne ya gharama ya simu. Lakini chumba kikifunguliwa saa 30 kwa wiki, kila mwanafunzi anapata dakika 45. Ni nafuu, na ni kidogo.

Liko pia suala la kinachopakuliwa. Ukurasa wa maandishi wenye herufi 2,000 ni takribani KB 2, hivyo MB 1, yaani shilingi 2.15, inabeba kurasa 500. Video ya dakika 3 kwa MB 4 kwa dakika inagharimu shilingi 25.8, thamani ya kurasa 6,000. Mradi wa utafiti wa DigI, uliofanyika vijiji vya Iringa na Monduli kwa ushirikiano wa taasisi za Tanzania na Norway, ulitumia tofauti hiyo: maandishi na picha bure, video kwa kulipia. Elimu iliyotolewa ilihusu pamoja na mengine minyoo tegu ya nguruwe, ugonjwa uliofanyiwa utafiti mwingi pia wilayani Mbulu. Mafunzo ya afya, bei za vitunguu saumu na matokeo ya mitihani ni maandishi. Yanaweza kumfikia kila mtu kwa gharama ambayo mnara uliokwisha kujengwa hauisikii.

Ukizitazama njia hizi kwa pamoja, inayopunguza gharama ya intaneti kuliko zote haiko kwenye bajeti ya mawasiliano. Iko kwenye bajeti ya nishati. Wizara mbili zinahesabu mafanikio yao tofauti, moja kwa minara na nyingine kwa vijiji, na kaya ya Endagikot inalipia nafasi iliyoko katikati.

Kwa hiyo taarifa za utekelezaji zibadilishe kipimo. Kwa kila mnara uliopewa ruzuku, wananchi waonyeshwe tarakimu nne: gharama yake halisi badala ya wastani wa milioni 350, idadi ya vifaa tofauti vinavyotumia intaneti kwa mwezi, MB za wastani kwa kila kifaa, na idadi ya nyumba zenye umeme ndani ya eneo lake. Tatu za kwanza kampuni za simu tayari zinazo kwenye mitambo na vitabu vyao, na ya nne iko kwa shirika la umeme, TANESCO. Kuzikusanya hakuhitaji mnara mpya. Bila hizo, diwani wa kata hawezi kujua kama bilioni 126 zimewaunganisha watu milioni 8.5, au zimewapitishia mawimbi juu ya mapaa tu.